Alama ya Meno Bawani

Usiku wa jana niliota ndege yangu ya bati inakohoa kwenye rafu.

Ni ndege ya kuchezea ya zamani sana, ya kujaza kwa ufunguo, niliyoachiwa na babu. Mkusanyaji mwenzangu wa vitu vya kuchezea vya zamani, kutoka Arusha, anakuja leo kuinunua. Jana nilinunua msasa na rangi nyekundu ili nifute alama ya meno kwenye bawa la kushoto. Mdogo wangu Nsia ndiye aliyeling'ata, akiwa na miaka mitatu. Hakufikisha minne.

"Kaanaeli, panda," inasema ndege. "Tumechelewa."

Napanda. Chumba changu sasa ni uwanja wa ndege. Abiria wote wamo ndani ya maboksi yenye dirisha la nailoni. Mama yumo katika mojawapo, amekunja mikono.

"Mama! Ngoja nikufungue!"

"Thubutu! Boksi likifunguliwa, thamani inashuka. Si wewe uliyetufundisha? Umekula lakini?"

Nashtuka, maana ni kweli. Nimewahi kumkataza hata kupangusa vumbi kwenye maboksi ya vitu vyangu vya kuchezea.

Anatokea mkaguzi: rubani wa bati, masharubu ya kuchorwa, begani msasa mkubwa kama mkeka.

"Bawa la kushoto lina alama ya meno. Tuifute?"

"Ifuteni. Ipendeze."

"Sawa. Basi abiria wa alama atashuka."

"Abiria gani?"

Ananyoosha kidole. Tumeshafika juu ya mawingu. Nsia amekaa ukingoni mwa bawa, gauni la njano, anachezesha miguu.

"Kaka, hii ndege haina chumvi," analalamika.

Namgeukia mkaguzi. "Anashukia wapi?"

"Hapahapa," anasema mkaguzi, na kuanza kusugua. Gauni linafifia. Miguu haionekani tena. "Usihofu, itakuwa kama mpya."

"Sitaki mpya! Acha!"

"Utaratibu ni utaratibu, kijana."

Navuta msasa, anavuta. Ana nguvu za bati. Nausogeza kwa Nsia.

"Nsia, ung'ate!"

Anaung'ata kwa nguvu zake zote, kisha anatema.

"Mchungu," anasema. Gauni linarudi njano.

Nikaamka. Kumekucha, mama anafagia uani. Ndege iko kwenye rafu, alama yake palepale. Kopo la rangi halijafunguliwa.

Msasa, mpya kabisa, umemegwa pembeni. Pengo dogo la meno mawili. Nikauweka juu ya bawa kupima.

Meno yalilingana.