Yule Asiyeshikika

Dada yangu alikuwa karani wa ghala la mahindi, na makuli walimwita Mama Nyoka. Aliwakuta wakiua kila kitambaacho, akawaambia wanajiulia paka wao wenyewe.

"Huyu wa kahawia, mwenye mistari miwili myeupe kila upande wa kichwa, mmoja kwenye jicho, mwingine chini yake, hana sumu. Anakula panya. Muacheni."

Kuli mmoja alisema nyoka hana cheti cha tabia njema, wakacheka. Lakini msimu wa pili panya walipungua, na hata wabishi wakawa wanamwita dada kabla ya kushika fimbo. Aliyejivuna zaidi ni mumewe, shemeji yangu, kuli palepale.

Siku moja baada ya mvua walihamisha magunia ya ukutani, wakamkuta nyoka mdogo mweusi ametulia tuli. Dada alikuwa ofisini. Shemeji akainama.

"Huyu mtoto wa wale wale. Mistari haijatoka bado."

Akamshika nyuma ya kichwa, kama alivyomwona mkewe akifanya, amtoe nje.

Yupo nyoka wa ardhini asiyeshikika. Jino lake hutokea ubavuni mwa mdomo, huchoma bila kufungua kinywa. Dada alimjua. Hakuwahi kuwaambia, maana hakuwahi kumwona pale.

Alipofika mbio, gumba la mumewe lilikuwa limeshavimba.

"Si ulisema..." shemeji akaanza.

Hospitali walituambia dawa ya sumu waliyonayo haimwezi nyoka huyo. Siku ya tisa wakakata gumba na kidole cha shahada, mkono wa kulia. Koridoni kuli mmoja akanong'ona, "Akili za kuambiwa, changanya na zako." Dada alisikia.

Fimbo zikarudi ghalani. Wenye mistari, wasio na mistari, wote waliuawa, naye hakuinuka kitini. Nikamuuliza kwa nini.

"Niwaambie nini, mdogo wangu? Kwamba kwa wale wengine nilikuwa sahihi?"

Shemeji aliachishwa kazi. Bila gumba gunia halishikiki. Asubuhi dada humfunga vifungo vya shati, yeye akitazama pembeni. Hawagombani. Heri wangegombana.

"Bado cha juu," shemeji husema, na hayo ndiyo mazungumzo yao mpaka jioni.