Vipande vya Kuazima

Mwaka ule riba zilipoanza kupanda, kila mtu mwenye akili timamu mjini Varney alinuna, isipokuwa Milan Hudak. Yeye alikuwa anasugua viganja.

Milan ndiye aliyetunza mfuko wa pensheni wa wazimamoto wa mji ule mdogo wa Pennsylvania. Kabla ya hapo alikuwa ameuza na kununua hisa kule Pittsburgh kwa miaka mingi, kwa mafanikio ya wastani ambayo yeye mwenyewe aliyaita makubwa. Fedha nyingi za wazee alikuwa ameziweka kwenye kapu moja la hatifungani za muda mrefu, yale makapu yanayouzwa sokoni kipande kipande kama hisa. Riba ikipanda, hatifungani za namna hiyo hushuka bei, na kapu hushuka nazo. Likashuka.

Ubaya ni kwamba katiba ya mfuko ilikuwa na kifungu kisicho na huruma. Mfuko ukikutwa chini ya kiwango fulani siku ya mkutano wa Oktoba, bima ya matibabu ya wastaafu inafutwa. Pensheni ingebaki, ila dawa kila mtu angejinunulia. Na wastaafu wenyewe ni watu waliovuta moshi wa viwanda vya chuma ujana wao wote. Kaka yake Milan, Stefan, alikuwa mmoja wao. Mapafu yalikuwa yanakauka taratibu, na kilichoyachelewesha ni vidonge ambavyo chupa yake moja ingeweza kumnunulia mtu gari la mtumba. Bima ikiondoka, vidonge vinaondoka.

Kwa hiyo Ijumaa moja ya Kwaresima, watu wakiwa ukumbini kwa zimamoto wanakula samaki wa kukaanga kama desturi, mwenyekiti wa mfuko aliomba suala hilo liamuliwe palepale. Huyu alikuwa Bernice Lattimore, mjane wa mzimamoto, mwanamke wa maneno machache.

"Tuuze," alisema. "Tumeumia, lakini bado tuko juu ya mstari. Tuuze, tukae na taslimu yetu, tulale usingizi."

Milan akasimama, kitambaa cha kulia bado kimening'inia shingoni.

"Bi Bernice, subiri kwanza. Mnajua vipande vingapi vya kapu letu vimeuzwa na watu wasio navyo?"

"Watauzaje kitu wasichonacho?" mtu mmoja akauliza.

"Wanaazima. Anaazima kipande, anakiuza leo, anangoja bei ishuke, anakinunua tena kwa bei ya chini, anamrudishia mwenyewe. Chenji inabaki mfukoni mwake."

"Mwizi huyo!"

"Sheria inamruhusu. Lakini sikilizeni utamu wake. Ni lazima arudishe. Na hesabu ya vipande vilivyouzwa kwa kuazima haijawahi kuwa kubwa namna hii. Siku bei ikigeuka kidogo tu, wote watakimbilia kununua ili warudishe, na vipande havitatosha. Watanunua kwa bei yoyote tutakayotaka sisi. Niliwahi kuiona kwa macho yangu, kwenye hisa za kampuni moja ya matairi. Watu walilia, jamani. Watu wazima, wamevaa tai."

Stefan akagonga meza mpaka vikombe vikaruka. "Huyu mdogo wangu! Kwa ngumi hajawahi kuniweza hata siku moja, ila kwa hesabu amenichapa tangu tunavaa kaptura. Mimi nangoja naye."

Wakacheka, akakohoa, wakamsubiri amalize kukohoa. Kisha wakapiga kura ya kungoja. Bernice peke yake hakunyoosha mkono.

Hapo ndipo Milan alipokosea, na nitamtetea kidogo: halikuwa kosa la mjinga. Mjinga asingejua hata pa kuitafuta ile hesabu. Lilikuwa kosa la mtu aliyeiva kwenye hisa akaingia kwenye hatifungani bila kubisha hodi.

Kiangazi kizima aliishi kwa hesabu ile. Hutangazwa mara mbili kwa mwezi, tena ikiwa imekwisha kuchacha siku kadhaa, lakini Milan aliingoja kama mtu anayengoja matokeo ya mtihani wa mwanawe. Ikiongezeka, anafurahi. Bei ikishuka, anafurahi zaidi, maana wauzaji wa kuazima watazidi kujaa. Kila kilichopaswa kumtisha kilimnenepesha. Mjini walimsalimia kwa kumkonyeza: "Vipi Hudak, wamekwisha kunasa?" Naye anajibu, "Wameshaingia kichwa, bado mkia."

Septemba ilipofika, mfuko ulikuwa umeshaupita mstari kwenda chini, na hakuna aliyenasa. Ndipo Milan alipokumbuka kwamba na yeye ni mkopeshaji. Mifuko mingi hukodisha vipande vyake kwa watu hao hao ili ipate ujira mdogo, na mfuko wa Varney ulikuwa unafanya hivyo kwa mkono wa benki moja ya New York. Milan akaona mwanga. Kama vipande vinaazimwa kutoka kwake, basi si avidai tu, vyote kwa mpigo, wahahe kutafuta vingine?

Akampigia simu Corinne Abbate, ambaye pale benki ndiye aliyesimamia vipande vilivyoazimishwa.

"Virudishwe vyote," Milan alisema.

"Vyote? Milan, huko kwenu mmeamka salama?"

"Salama kabisa. Nataka kuwaona wakihangaika."

"Nani wahangaike?"

"Hao wanaotuombea tuanguke."

Corinne akaguna. "Baba, wanaowaombea mwanguke ni wachache sana. Wengi ni mabenki yenye hatifungani zao kabatini. Wanauza vipande vya kuazima ili hatifungani zikishuka, hasara ya huku ifidiwe na faida ya kule. Wanajikinga tu, kama mtu anayekata bima ya nyumba. Hawakujui wala hawana ugomvi nawe. Halafu kuna madalali wakubwa, wale wanamuuzia mteja vipande asubuhi kabla hata hawajavitengeneza, na..."

"Corinne, mwanangu, mimi nimeanza biashara hii wewe unanyonya."

"Sawa. Lakini hii si hisa ya matairi."

"Virudishwe."

"Mtapoteza ule ujira."

"Virudishwe, nimesema!"

Kesho yake Milan alikaa mbele ya kompyuta na kikombe cha kahawa. Soko likafunguliwa. Katikati ya asubuhi bei ikapanda. Kidogo, lakini ikapanda. Akampigia Stefan. "Washa televisheni, kaka! Imeanza!" Stefan naye, bila kupoteza dakika, akawapigia wenzake, na kabla ya chakula cha mchana kulikuwa na wazee wamejaa ukumbini kwa zimamoto wanatazama namba ambazo hawakuzielewa, wakishangilia kila ikiwaka ya kijani.

Baada ya chakula ikawaka nyekundu. Ilibaki nyekundu mpaka soko likafungwa. Wazee walirudi makwao mmoja mmoja.

Corinne alipiga mwenyewe, muda wa kurudisha ulipokwisha. "Vipande vyako vimerudi vyote. Hakuna aliyechelewa."

"Wamevitoa wapi?" Milan aliuliza.

"Wengine wameazima kwa mtu mwingine. Vingine vimetengenezwa vipya. Ndicho nilichokuwa nakwambia ukanikata. Hisa za kampuni zina idadi yake, haziongezeki kwa sababu wewe unazitaka leo. Kapu si hivyo. Dalali mkubwa anabeba hatifungani anawapelekea wenye kapu, wanampa vipande vipya siku hiyo hiyo. Vikihitajika zaidi, vinatengenezwa zaidi. Haviwezi kuisha, Milan. Umewanyang'anya watu ndoo ya maji wakiwa wamesimama ziwani."

"Kwa hiyo ile hesabu..."

"Ile hesabu kwenye hatifungani haikuambii wangapi watanaswa. Inakuambia tu watu wamejikinga kiasi gani."

"Na walisemaje nilipodai? Waliokuwa wameazima?"

"Hawakusema kitu. Mashine ndiyo inayojibu. Sidhani kama yupo hata mmoja anayejua kuna mji unaitwa Varney."

Milan aliweka simu chini. Aibu ilimjaa, lakini chini ya aibu kulikuwa na kitu kibaya zaidi. Miezi yote ile alikuwa anapigana vita, na upande wa pili hapakuwa na mtu. Kama angeshindwa na adui, angalau angekuwa na wa kumchukia.

Mkutano wa Oktoba haukuchukua muda. Bernice alisoma kifungu, akasoma kiwango cha mfuko, akauliza kama kuna mwenye swali. Hakuna. Bima ikafutwa kuanzia mwezi uliofuata. Milan alikuwa amejiandaa kutukanwa, hata alitamani, lakini watu walichukua makoti yao wakampita. Bernice alipofika kwake alisema tu, "Nenda kwa kaka yako, Milan. Asisikie kwa mwingine."

Akamkuta Stefan jikoni anakaanga kabichi na tambi, amevaa aproni ya marehemu mkewe.

"Wamefuta," Milan alisema.

"Nilijua. Kaa ule."

"Kaka, nimekosea. Tangu mwanzo kabisa. Hapakuwa na mtego wowote."

"Kaa ule kwanza, tambi zikipoa zinakuwa gundi."

Milan hakukaa. "Vidonge ulivyonavyo vitakufikisha lini?"

"Vipo."

"Vipo vingapi?"

Stefan akaonyesha kabati kwa mwiko. Milan akafungua. Chupa zilikuwa zimepangwa safu mbili, nyingine hata hazijafunguliwa. Kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi alipumua. "Hee! Hivi vyote umevitoa wapi?"

"Nameza siku moja, siku ya pili naacha."

"Tangu lini?"

"Tangu ile Ijumaa ya samaki."

Milan akageuka. "Lakini wewe ndiye uliyegonga meza! Wewe ndiye uliyesema unangoja nami!"

"Ulitaka nifanyeje? Mdogo wangu amesimama mbele za watu." Stefan akapunguza moto, akakohoa, akashika ukingo wa jiko mpaka kikohozi kikapita. "Sijawahi kuelewa neno hata moja la mambo yako ya kuazima."

"Na daktari? Anajua?"

"Daktari anasema mapafu yamekauka haraka kuliko alivyotegemea. Anajiuliza alikosea wapi, maskini." Akapakua sahani mbili. "Wewe usimwambie."