Nyumba Isiyo na Balbu

Kila asubuhi ya siku za shule, Merle Adonis alipokaribia nyumba namba kumi na nne, alivuka barabara, na watoto aliokuwa akiwasindikiza wakamfuata kama vifaranga. Hakuna aliyemwuliza sababu. Manenberg nzima, kitongoji chao cha Cape Town, ilijua kwamba nyumba ile haikuwa na mtu tangu mzee Plaatjies alipozikwa mwezi Machi. Alilolijua Merle peke yake ni kwamba pazia la dirisha la mbele lilisogea hata siku ambazo upepo wa kusini-mashariki umelala.

Yeye ndiye aliyeitaja nyumba ile katika kikundi cha ulinzi wa mtaa. Walinzi wa mtaa wao hawakurusha mawe wala hawakutukana. Nyumba iliyoshukiwa kuuza au kuficha tik, dawa ya kulevya ya kuvutwa, waliiendea Jumapili asubuhi, baada ya chai na maandazi ya koesister ya moto: watu ishirini, waenda kanisani kwa waenda msikitini, wamevaa vizibao vya njano, wakasimama kando ya barabara kimya mpaka mlango ufunguke. Kimya kile kiliwahi kuwahamisha wauzaji wawili wenye bastola.

Dalili waliyoiamini kuliko zote ilikuwa balbu. Wavutaji huzing'oa, wakazitoboa kitako, wakapata kiko cha kioo cha kuchomea tik. Kibaraza kikikaa gizani wiki tatu, nyumba huingia katika orodha. Cha Plaatjies kilikaa nne.

Jumapili waliposimama mbele ya nyumba yake, mzee alifungua mlango angali na nguo za kulalia. Akawatazama mmoja mmoja, kana kwamba anatafuta mwenye habari ya msiba.

"Hata wewe, Merle?" akasema. "Mimi niliyekupakata siku ya ubatizo wako?"

Akafunga mlango. Siku ya tisa jirani aliuvunja, akamkuta amekufa. Daktari alisema ni moyo, na kikundi kikaridhika na neno la daktari.

Mwezi Juni, baridi ilipoingia, Merle aliinama kutafuta blanketi chini ya kitanda cha mwanawe, Ashwin, akavuta sanduku la viatu. Ndani mlikuwa na balbu tano zilizotobolewa. Moja ilikuwa na mstari wa kijani shingoni. Mzee Plaatjies alikuwa akikipaka kila kitu chake rangi ile, pipa la taka, mpira wa maji, hata koleo, ili mwizi asiweze kukana.

"Umeitoa wapi hii?" alimwuliza Ashwin alipoingia.

"Balbu ni balbu, Mama. Kwani ina pasi ya kusafiria?"

"Hii ni ya mzee Plaatjies."

"Basi mrudishie." Akacheka, kisha akaacha ghafla. Alikuwa na miaka ishirini na minne, na mashavu yalikuwa yamembonyea kama ya mzee. "Ukiwaambia wale watu wako, naondoka. Hutaniona tena. Umenisikia?"

Alimsikia. Kwa siku tatu hakusikia kitu kingine. Alikuwa na mtoto huyo mmoja tu, na kila alipofumba macho aliona kundi limesimama mbele ya mlango, na yeye yumo.

Siku ya nne alimwendea mwenyekiti wa kikundi, Yusrie, ambaye mtaa mzima ulimwita Boeta, yaani kaka, aliyekuwa akimsaidia mkewe kukaanga samosa.

"Boeta, Jumapili hii mna mahali pa kusimama?"

"Hatuna, alhamdulillahi. Mashetani yamekwenda likizo."

"Mnapo. Kwangu."

"Anti Merle, usinichekeshe, nitaungua na mafuta." Alipogeuka akauona uso wake, akapunguza moto. "Ashwin? Huyo ni mtoto wetu. Tutamwita pembeni tuzungumze naye, sisi kwa sisi."

"Mzee Plaatjies tulimwita pembeni?"

"Jumapili, basi," Yusrie akasema, kijiko mkononi. Samosa zikaungua, na mkewe hakuthubutu kuzitoa.

Jumapili Merle alitoka ndani ya nyumba yake, amevaa kizibao, akavuka barabara, akajipanga miongoni mwa wenzake. Mtu alimnong'oneza arudi, akamwambia hapa si pake. Hakusogea. Hakuwahi kujua kwamba kusubiri kule ni kurefu kiasi kile, wala kwamba nyumba ikitazamwa na watu wengi huanza kufanana na maiti.

Mlango ulifunguka. Ashwin alisimama kizingitini, peku, mkoba begani. Macho yake yalipita juu ya wote, yakamwona mamaye, yakakataa kumwacha.

"Mama, ingia ndani," akasema taratibu. "Watu wanakutazama."

Ashwin akasubiri jibu. Alisubiri muda mrefu kuliko walivyodhani angeweza. Kisha akashuka ngazi, nao wakampisha. Alipita karibu kiasi cha kumgusa kwa bega, akashika njia ya kituo cha treni bila kugeuka.

"Nenda naye, Anti," Yusrie akasema. "Tafadhali. Nenda."

Merle akaitazama njia ya kituo, asiondoke mstarini. Mlango wa nyumba yake ulikuwa wazi, ndani kweupe kabisa, na hakuna hata mmoja kati ya wale watu ishirini aliyetaka kuwa wa kwanza kwenda kuufunga.