Kizibo cha Kaka

Jumanne, tarehe kumi na mbili Machi. Kulipambazuka na manyunyu mepesi, yale yasiyolowesha mtu lakini hayakomi.

Fundi saa alivua viatu mlangoni kwa kaka yake, akaenda moja kwa moja kwenye ubao wa sataranji. Kete zilikuwa vilevile tangu Jumamosi, siku kaka alipopigwa na kiharusi. Akamshukuru Mungu.

Kwa miaka miwili ndugu hawa walikusanya mitego: kete zinapangwa ili kompyuta ione malkia wa bure na kumkimbilia, kumbe mfalme wa kompyuta yenyewe ndiye anayeviziwa. Kaka alitunga. Fundi, aliyejifunza kompyuta ukubwani kwenye darasa la jioni, aliandika daftarini. Darasa lingezipa programu mbili mitego ileile sitini, ijulikane ipi ina akili na ipi ina mbio tu. Hamsini na tisa ilikwisha kuandikwa. Wa sitini, ambao kaka aliuita kitindamimba wake, ulikuwa pale ubaoni, na daftari lilitakiwa siku hiyohiyo.

"Kizibo kiko wapi?" fundi aliuliza.

Kaka hakuwa na mazoea ya kuandika ni zamu ya nani. Aliweka kizibo cha soda upande unaocheza, basi.

"Kile cha soda?" mke wa kaka alishika kiuno. "Jana nilifagia, shemeji. Wageni walikuwa wanakuja kumjulia hali. Nikajua takataka."

"Kilikuwa upande gani?"

"Jamani, nani anakumbuka takataka ilikaa wapi?"

Fundi akafungua kompyuta. Alipoipa nyeupe zamu, ilishinda kwa hatua tisa. Alipoipa nyeusi, nyeupe haikuwa na pa kutokea. Majibu mawili, yote safi; hakuna lililoonyesha kaka alikusudia lipi.

Akaenda kitandani kwa kaka, ambaye tangu kiharusi hakuweza kusema.

"Kaka, ni nyeupe? Fumba macho."

Akafumba.

"Au ni nyeusi?"

Akafumba tena. Chozi moja likateremka hadi sikioni. Fundi akapiga magoti, akaomba mpaka miguu ikafa ganzi, akainuka mikono mitupu.

Mwalimu wa darasa akaingia na mwavuli wake, amefuata daftari. Fundi akamweleza kisa cha kizibo.

"Andika nyeupe, mzee wangu. Nani atajua?"

"Yeye hapo," fundi akamwonyesha kaka.

"Basi uuache. Hamsini na tisa si haba."

"Uachwe?" mke wa kaka akadakia. "Huo ndio aliosema utabeba jina lake!"

"Mmenibana kuliko programu zangu zote mbili," mwalimu akasema, akakaa.

Fundi akauchora mtego wa sitini, akaandika jina la kaka, na mahali pa zamu akapaacha wazi. Kisha akaushika ule mkono usio na nguvu, akapaza sauti:

"Kaka, shemeji yupo, mwalimu yupo, na Mungu anasikia. Zamu yako sitaibahatisha. Nitakuja kila asubuhi kukuuliza, mpaka uniambie mwenyewe, au mmoja wetu aitwe."