Biskuti za Sanduku la Misumari

Moto gani hauna kuni wala moshi, na wa kwanza kuungua ni yule aliyeuwasha? Ukishindwa nipe mji, nami nitakutegulia: wivu. Na usidhani huwaka kwa wake wenza tu. Kulikuwa na seremala mmoja ambaye ulimwaka kifuani kwa sababu ya kijiko.

Seremala huyo alikuwa na binti wa miaka minne, mwenye maneno mengi hata wakamwita Kasuku. Homa kali ilimlaza hospitali miezi miwili. Aliporudi nyumbani ulimi ulikuwa mzima, ila miguu imebaki vijiti. Kliniki wakampeleka kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, msichana mpole ambaye wazazi wote pale walimwita Dada wa Mkeka.

"Mimi namwona mara moja kwa wiki," Dada aliwaambia baba na mama. "Siku sita zilizobaki, daktari ni nyinyi. Mmoja amnyooshe, mwingine amlishe, kisha mpokezane."

Hilo la kupokezana walilisahau kabla hawajafika getini. "Mume wangu, mikono yako imezoea mbao," mke alisema. "Wewe nyoosha. Mimi niachie jiko langu."

Basi ikawa asubuhi na jioni, seremala akitandika mkeka, Kasuku anaanza kulia. Baba akinyoosha kifundo, akikunja goti, akihesabu hadi kumi, mtoto anamwambia, "Baba, wewe ni mtu mbaya." Akimaliza tu, mama anaingia na bakuli la uji wa karanga na maziwa, au yai na maharage yaliyopondwa. Machozi yanakauka palepale. "Mama yangu mzuri," anasema Kasuku, kinywa amekipanua kama kinda.

Seremala alitazama hayo wiki nzima, na ya pili, na ya tatu. Mimi nalima, akawaza, mwenzangu anavuna.

"Baba Kasuku, mbona umenuna?" mkewe akamtania siku moja. "Njoo basi nikulishe na wewe."

Seremala alitoka nje akaanza kupiga randa ubao ambao alikwisha kuupiga randa asubuhi.

Kesho yake alirudi na pakiti ya biskuti, akaificha kwenye sanduku la misumari, mahali ambapo mkewe hakuwa na haja ya kutia mkono. "Tukihesabu hadi kumi bila kulia, unapata moja," akamnong'oneza mtoto. "Mama asijue."

Mkeka ukageuka karamu. Kasuku akawa anaita mwenyewe, "Baba, twende tukanyooshe." Biskuti moja ikawa tatu, na tatu zikasindikizwa na soda. Mama akija na bakuli lake, mtoto anageuza uso.

"Nimeshiba."

"Umeshiba nini, mwanangu? Hewa?"

Seremala akainama kukunja mkeka ili tabasamu lisionekane. Acha naye aonje.

Biskuti zilipotimiza mwezi, ikafika siku ya kupimwa uzito kliniki. Dada wa Mkeka alimpima mtoto, akaitazama kadi, akampandisha kwenye mizani mara ya pili.

"Amepungua nusu kilo," akasema. Akambonyeza paja. "Mazoezi mnafanya, viungo vimelainika. Lakini msuli haujengwi na mkeka peke yake, unajengwa na chakula. Nilitaka leo tumsimamishe kwenye vile vyuma vya kushika anapojifunza kutembea. Siwezi. Na akizidi kukonda, hata tulichokipata tutakipoteza."

Mama alifungua kinywa ajitetee, akaishia kujilaumu. "Anayemlisha ni mimi, Dada. Basi kosa ni langu. Labda nimwite mama yangu aje amlishe yeye. Mimi nimeshindwa."

Kwa muda wa kupepesa jicho, seremala alifurahi. Mwenzake naye leo amekataliwa. Kisha akauona mguu wa mwanawe ukining'inia pale kwenye mizani, mwembamba kuliko mpini wa nyundo, na ile furaha ikamgeukia shubiri.

"Si yeye," akasema. "Ni mimi. Huwa nampa..."

"Baba," Kasuku akamkatiza, "si tulisema ni siri?"

"Siri imeoza, mwanangu." Akaeleza yote, biskuti, soda na mahali pa kuzificha.

Mkewe hakupaza sauti. "Sanduku la misumari," akasema taratibu. "Na mimi kila siku naonja uji, nasema labda nimeuunguza."

"Mimi ananililia, wewe anakuchekea. Niliona wivu."

"Ungesema."

"Ningesemaje? Mtu mzima na ndevu zangu, nakionea wivu kijiko?"

Dada wa Mkeka alijikaza asicheke, akashindwa. Alipomaliza akauliza, "Mara ya mwisho mlipokezana lini?" Wakakiri hawajapokezana hata mara moja. "Basi leo baba analisha. Na hizo biskuti zihame nyumba."

Siku mbili Kasuku alifunga kinywa kama kufuli. Seremala akapoza uji, akaponda maharage upya, akabembeleza mpaka shingo ikamuuma. Siku ya tatu njaa ikamsaidia. Huko mkekani mama naye akapata fungu lake: "Mama, wewe ni mtu mbaya." Akatoka macho mekundu, akampita mumewe mlangoni. Na seremala, Mungu amsamehe, akajisikia vizuri kidogo. Kuanzia hapo wakapokezana kila baada ya siku tatu, na wivu nao ukapokezana pamoja nao.

Wiki sita zikapita. Mizani ikapanda, na Dada akamsimamisha Kasuku katikati ya vyuma viwili. Mwisho wa vyuma walichuchumaa baba na mama, mikono wameinyoosha, kila mmoja akingoja kuona mtoto atamtazama nani.

Kasuku alisimama, magoti yakimtetemeka. Hakumtazama yeyote. Macho aliyakaza kwa mtoto mwingine aliyekuwa ameketi kando ya ukuta.

"Yule ana viatu vyekundu," akasema kwa uchungu. "Mimi kwa nini sina?"

Na mguu wa kulia ukasogea mbele, kuvifuata.