Boksi Unaloliruka Mlangoni

Usiniambie hukuliona. Umeliruka. Siku ile ulipokuja kuchukua viatu vya watoto wako, mlango wa ofisi ya kiwanda chetu ulikuwa umezuiwa usijifunge kwa boksi la chuma, zito, la kijivu, lenye boliti kila upande na tundu pale kishikio kilipovunjika. Ukakunja suruali isichafuke, ukaliruka. Harufu ya gundi ikakupiga, ukaziba pua, ukauliza kama kuna saizi ndogo. Hukuuliza sisi wa humo tunazibaje zetu.

Basi nakueleza boksi hilo ni la nini, na usinikatize.

Lilikuwa ukutani, ndani ya chumba cha gundi. Humo wifi yangu, mke wa kaka yangu, hupaka soli kutwa. Gundi ile inalainishwa kwa thina, na thina haitulii kwenye pipa. Inageuka mvuke usioonekana, unatambaa sakafuni, unajaa. Boksi lilikuwa nyumba ya swichi ya taa. Fundi umeme wetu alituonyesha siku alipolifunga: "Swichi yoyote ukiibonyeza inatoa cheche. Huioni, ila ipo. Mvuke wa humu ukikutana na hiyo cheche, hakuna atakayebaki wa kumsimulia mwenzake. Boksi hili hata kukiwaka ndani yake, moto hautoki nje ukiwa na nguvu ya kuunguza."

Kishikio kilipovunjika, fundi akasema aletewe kingine cha namna ile ile, la sivyo hafungi kitu. Akaambiwa aende zake. Msimamizi wetu, tunayemwita Bwana Zima, akaleta swichi nyeupe ya plastiki, kama ya chumbani kwako, akaifunga mwenyewe. Akaibonyeza, tak, tak. "Taa inawaka? Inazimika? Sasa fundi wa nini?" Boksi likahamia ofisini kwake kuzuia mlango.

Nilisema. Nilisema mbele ya wote. Mimi sikusoma sana, lakini nasikiliza, na sisahau. Nalikumbuka ghala la rangi lililokuwa ng'ambo ya barabara. Nilibeba maji siku lilipoungua, na maji hayakusaidia. Walisema ni shoti. Shoti! Kama vile shoti ni mgeni aliyekuja kwa miguu yake, akabisha hodi, akaunguza watu, akaaga. Hakuna aliyeuliza nani alimfungulia.

"Mkutano keshaanza," Bwana Zima akasema, maana ndilo jina aliloniita, na watu wakacheka. Na wewe ungecheka.

Jina lake yeye tulimpa kwa sababu ya kibao alichobandika juu ya kila swichi: ZIMA TAA UTOKAPO. Aliyesahau alisimamishwa asubuhi mbele ya wenzake, akasemwa kama mtoto aliyekojoa kitandani. Wifi alisimamishwa mara moja tu. Tangu hapo mkono wake ukawa na akili zake wenyewe. Hata nyumbani anatuzimia: anainuka na sahani, anapita mlangoni, tak, giza. Sisi wote kwa pamoja, na watoto: "Bado tunakula!" Anawasha huku anajicheka. "Nisameheni, nilidhani niko kwa bwana wangu wa pili."

"Huyo bwana wako wa pili," kaka humjibu, "mwambie basi atuletee na nyama."

Siku yenyewe ilikuwa ya mvua. Madirisha yalifungwa viatu visilowe. Mkanda wa feni inayovuta mvuke ukakatika. Tukaisikia feni ikinyamaza, tukasema itatengenezwa. Kisha bomba la pipa la thina likang'oka. Nilikuwa navuka ua na bunda la ngozi nilipoisikia harufu, na haikuwa ile ya kila siku. Hii ilikuwa tamu, inakwaruza macho. Nikalitupa bunda.

Wifi alikuwa katikati ya chumba, tambara mkononi, thina imetanda sakafuni ikimlowesha kandambili. Alikuwa anafuta. Anafuta! Akanitazama kwa macho ya mtu aliyelewa.

"Acha hayo, toka," nikamwambia. Sikupiga kelele. Niliiogopa hata sauti yangu.

"Atanisema," akajibu, ulimi mzito. "Ataniambia nimemwaga mimi."

"Toka, wifi. Taratibu."

Akaangusha tambara, akaja akiyumba, ndipo nikaona anakoelekea. Haji kwangu. Anaufuata ukuta wa swichi, kando ya mlango. Mkono wa kulia ulishaanza kuinuka.

"Usizime!"

Nyuma yangu viatu vikaja mbio. Bwana Zima. Akainusa ile hewa, uso ukampauka, na hofu ikamtoa neno alilolizoea: "Zima! Zima taa! Zima kila kitu utoke!"

"Usiguse, wifi!"

"Zima, nakwambia!"

Sauti mbili, na ya kwake ndiyo iliyowahi kumsimamisha mbele za watu. Kidole kikagusa plastiki. Nilikiona. Niliona kucha ikianza kuwa nyeupe kwa kubonyeza. Nikawaza watoto wake mezani, na mdomo ukafunguka wenyewe:

"Bado tunakula!"

Kidole kikasita.

"Wifi, bado tunakula!"

Akageuka, akacheka kidogo, kile kicheko chake cha kujionea aibu. Mkono ukashuka. "Nisameheni," akasema. Nikamshika kiwiko nikamvuta nje, na papo hapo Bwana Zima akapitisha mkono juu ya bega langu kuifuata swichi. Nilimng'ata. Alama anayo, mwombe akuonyeshe.

Mlinzi akakata umeme kwenye swichi kuu, kule getini, mbali na mvuke. Tukakaa kwenye mvua, wifi akitapika, mimi meno yakigongana, Bwana Zima akijifunga leso.

Unajua alisema nini? "Mnalia nini? Kwani kumetokea nini?"

Hakuna aliyekufa, kwa hiyo hakuna kilichotokea. Feni ikapata mkanda, pipa likapata bomba. Swichi nyeupe iko pale pale, na kibao chake juu. Wifi naye yuko pale pale. Jioni nisipousikia mlango wa nyumbani ukifunguliwa, sipumui. Juzi aliinuka na sahani, akafika mlangoni, akasimama mkono ukiwa hewani, akaanza kulia. Hakuna aliyesema bado tunakula.

Usiseme utalifikiria. Unaposoma haya yumo ndani, anapaka soli, pengine za viatu vyako. Njoo leo, kabla kazi haijafungwa, kwa sababu ikifungwa lazima mtu azime taa. Safari hii usiliruke boksi. Tuliinue, tuliweke juu ya meza ya Bwana Zima, tumwambie haingii mtu chumba cha gundi mpaka jipya la namna ile lifungwe ukutani. Ni zito, mtu mmoja haliwezi. Nimejaribu. Niko hapa mlangoni, nimeshika upande mmoja. Shika huo mwingine.