Marekebisho ya Nchi ya Safari

Shule yetu iko kilimani juu ya Homa Bay, mahali ambapo ziwa linaonekana lakini haliruhusiwi. Kwa sababu hiyo tulilazimika kujitengenezea nchi yetu wenyewe ndani ya ua wa shule, nayo tuliiita Safari.

Safari ilikuwa mchezo, ingawa aliyelitamka neno hilo mbele ya Wangwe alitozwa ng'ombe. Wangwe, ambaye sasa yuko Kidato cha Nne, aliianzisha mwaka ule ule taifa lilipopata Uhuru, akajiteua kuwa Di-Si, yaani mkuu wa wilaya, kwa maelezo kwamba wananchi walikuwa wamekwisha kuzoea cheo hicho. Kila aliyeingia alipewa mtu wa kuwa. Bashir, ambaye baba yake anauza vitambaa mjini, alikuwa tajiri wa mifugo. Mimi, Matiko, mzaliwa wa Suna, nilikuwa Katibu wa Di-Si, na siku ambazo serikali ilipumzika nilikuwa mwizi.

Ng'ombe walikuwa vizibo vya soda. Kizibo kilichopinda kilikuwa mzoga, na mzoga haukuwa na thamani yoyote. Jiko la shule lilikuwa Ogwedhi, penye mnada. Choo kilikuwa Suna. Nililalamika kwa maandishi, na malalamiko yangu yakatumika Suna hiyo hiyo. Goli la mbali la uwanja wa mpira lilikuwa bandari ya Homa Bay, na ng'ombe aliyefikishwa huko akatumbukizwa katika debe la bandari alihesabiwa wawili. Lugha ya nchi ilikuwa Kiswahili, kwa kuwa tulikuwamo Waluo, Wakuria, Wakisii na Wasomali, na mtu hawezi kuonewa vizuri kwa lugha asiyoielewa.

Sheria zilikuwa ngumu, kama inavyofaa. Ng'ombe walibebwa kwa viganja tu, wale wanaoenea. Kutoka Ogwedhi hadi Homa Bay ulizunguka uwanja wote kwa miguu, bila kukimbia na bila kusema neno, ukigusa nguzo ya kila pembe. Na sheria kuu ilikuwa hii: yeyote ambaye hakufanya biashara na mtu kutoka Jumapili moja hadi nyingine, amekufa. Wafu walikula kwenye meza ya mlangoni, ambako upepo wa ziwa huingia na ugali hufika wa mwisho, umeshika ukoko. Aliye hai hakuruhusiwa kusema na mfu, hata kama kitabu chake kilikuwa kinaungua.

Masese alikula kwenye meza ile mwaka mzima wa kwanza. Alikuwa mtoto wa Wasabato wenye shamba karibu na Rongo, mrefu kama ufito, na mpira ulipomjia aliupisha kwa adabu kama anampisha mama mzee. Alikuwa amekufa kabla hajaambiwa kwamba ameingia mchezoni. Lakini mwaka wa pili aligundua kitu ambacho sisi wenye akili tulikuwa hatujakiona: hakuna mtu anayependa kuzunguka uwanja. Akajitangaza kuwa Mchukuzi.

Viganja vyake vilikuwa kama masinia. Alibeba ng'ombe wa kila mtu, alizunguka kwa mwendo wa maiti inayokwenda kuzikwa, aligusa kila nguzo, na hakupoteza kizibo hata kimoja. Kila mzigo ulikuwa biashara, na kila biashara ilimweka hai. Alipewa nafasi mwisho wa benchi la Bashir katika bwalo. Nusu ya tako lake ilikaa kwenye ubao na nusu hewani, lakini uso wake ulikuwa wa mtu aliyechaguliwa kwenda bungeni.

"Mchukuzi, pitisha chumvi," Bashir alimwambia siku ya kwanza.

Masese aliipitisha kwa mikono miwili. Usiku ule, walisema wa bweni lake, alilala akitabasamu. Nami nilikumbuka jambo hilo, kwa kuwa mtu anayefurahi hivyo kwa sababu ya chumvi ni mali ya kutunzwa.

Matatizo yalianza Jumamosi. Jumamosi ndiyo siku yetu ya uhuru, siku kubwa ya mnada. Na Jumamosi Masese huvaa shati jeupe, huenda chini ya mti wa nyuma ya maabara pamoja na Wasabato wenzake, na hagusi kazi yoyote mpaka jua lizame.

"Wallahi, ng'ombe wangu wanakonda!" Bashir alipiga kelele jikoni. "Mchukuzi yuko kwa Musa na mimi nina mifugo hamsini hapa. Nchi gani hii?"

"Basi wabebe mwenyewe, omera, ndugu yangu," Wangwe akamwambia.

"Kwa viganja? Mara ngapi? Mheshimiwa, tangu nchi hii ianze kazi yetu ni kutembea tu. Ningetaka kutembea ningebaki na mjomba wangu, nichunge ng'ombe wenye mikia!"

Wote walicheka, na Wangwe, ambaye hakupenda kicheko kisicho chake, alitangaza kwamba wananchi walete maombi ya marekebisho ya kurahisisha maisha. Mimi Katibu ningeyapokea.

Yalikuja kwa wingi. Mmoja alitaka mifuko. Mwingine alitaka lori, yaani mtu aseme "nimepanda lori" pale jikoni kisha akate uwanja katikati. Wengine walitaka ghala la kuweka ng'ombe wakati wa masomo, na wengi walitaka wezi wapigwe marufuku. Hilo la mwisho nililikataa kwa niaba ya umma. Masese alikuja mwisho, baada ya kila mtu kuondoka.

"Katibu, bwana, mimi nina moja tu. Ile ya kufa kwa kutofanya biashara. Iondolewe."

"Kwa nini? Wewe si uko hai?"

"Niko hai. Ndiyo maana naomba sasa. Nikishakufa hutanisikiliza."

Nilimtazama kwa huzuni ya kiserikali. "Masese, ndugu yangu, hiyo si taabu ya mchezo. Hiyo ni mauti. Mauti hayajawahi kurekebishwa. Lakini unajua kushona?"

Alijua. Nikamweleza kwamba nchi ilihitaji mifuko, na kwamba Mchukuzi mwenye mifuko angebeba mizigo ya watu kumi kwa safari moja. Angekuwa mkubwa kuliko Bashir. Niliona wazo likimwingia machoni. Aliomba magunia ya zamani kwa mpishi, akashona mifuko yenye kamba za kufunga mdomo, mishono midogo midogo kama ya fundi wa harusi. Alimshonea kila raia, na kwenye mfuko wa Bashir aliweka hata kifungo.

Jumapili Wangwe alitangaza: mifuko imekubaliwa, kila mtu abebe wake. Lori limekubaliwa. Ghala limekubaliwa. Watu wakashangilia mpaka mwalimu wa zamu akachungulia.

Masese alinyanyua mkono. "Mheshimiwa, na Mchukuzi?"

"Mchukuzi anafanya nini hapa?" Wangwe aliuliza, na kwa kweli hakuwa na nia mbaya, alikuwa anatafuta jibu.

"Nilishona mifuko. Kushona kunahesabiwa biashara?"

"Kushona ulishona kabla ya sheria. Sheria inaanza leo. Tafuta biashara, omera, una wiki nzima."

Alitafuta. Alisimama jikoni huku mikono yake mikubwa ikining'inia, akisema, "Nikubebee? Nakwenda huko huko." Watu walimjibu, "Nimepanda lori," wakakata uwanja katikati huku mifuko yake ikiwagonga mapajani. Wadogo wa Kidato cha Kwanza walimwigiza kwa sauti. Mezani Bashir alisogea kidogo kwenye benchi, kidogo tu, na Masese akawa amekalia mfupa mmoja.

"Bashir, nipe hata mmoja," alisema Ijumaa mchana. "Ng'ombe mmoja. Nitambeba bure."

"Kwa nini nimchoshe ng'ombe?" Bashir alimjibu, na benchi zima likacheka mpaka supu ikamwagika.

Hapo ndipo nilipopata wazo langu. Kwa heshima ya ukweli, lilikuwa zuri.

Jumamosi asubuhi nilikwenda nyuma ya maabara. Wasabato walikuwa wanaimba. Nilisimama pale ambapo Masese angeniona, nikainua mfuko mdogo uliofungwa kamba. Aliniona. Aliimba ubeti mzima akiwa ananitazama, kisha akatoka.

"Nina mzigo wa kwenda Homa Bay," nikamwambia. "Uende sasa hivi."

"Jua likizama nitakubebea, Matiko. Nakuomba."

"Jua likizama mnada umefungwa. Na kesho, kengele ya chai, Wangwe anasoma majina ya wafu."

Alitazama nyuma. Mwalimu wao, mzee mpole, alikuwa amesimama akimngoja. Masese aliutazama mfuko. Hakuufungua, hilo lilikuwa jambo lake, naye alijivunia: Mchukuzi hafungui mzigo wa watu. Niliutegemea sana ungwana huo. Midomo yake ilisogea, sijui kama aliomba au alihesabu nguzo, kisha akaupokea kwa mikono miwili kama ile chumvi.

Alizunguka uwanja akiwa amevaa shati jeupe. Wenzake waliacha kuimba. Sisi tulikuwa tumekaa ukutani, karibu nchi yote, kwa kuwa nilikuwa nimewaalika. Hakukimbia. Hakusema. Aligusa nguzo ya kwanza, ya pili, ya tatu, na kila alipogusa tulipiga makofi ya heshima. Mwalimu wake alimfuata hatua chache pembeni ya uwanja, akamwita kwa jina mara moja. Masese hakuruhusiwa kusema, kwa hiyo hakujibu, na mzee akarudi.

Wangwe mwenyewe alisimama golini penye debe. Masese alimkabidhi mfuko, akihema, jasho limemshika mgongoni. Wangwe alifungua ile kamba aliyoisokota Masese mwenyewe, akamimina kiganjani. Kikatoka kizibo kimoja, kimepinda katikati kama mdomo wa mtu anayelia. Nilikuwa nimekipinda kwa meno.

"Mzoga," alisema Wangwe.

"Lakini nimebeba," Masese alisema. "Mheshimiwa, nimebeba. Nimegusa zote."

"Mzoga si ng'ombe, na pasipo ng'ombe hakuna biashara. Pole sana, omera."

Ukuta mzima ulianguka kwa kicheko. Bashir alinikumbatia. Masese aligeuka kuwatazama Wasabato wenzake, lakini wao walikuwa wamekwisha kufunga vitabu, nao hawakumngoja.

Jumapili, kengele ya chai, jina lake lilisomwa. Alibeba kikombe chake mpaka meza ya mlangoni bila kuonyeshwa njia.

Tangu siku ile, marekebisho yamefanya maisha kuwa laini sana. Ng'ombe wanafika Homa Bay kabla chai haijapoa, na debe limejaa hata hakuna anayehangaika kulihesabu. Wengine wanasema nchi imeanza kuchosha. Sababu kubwa wanayotoa ni Masese. Kila jioni baada ya masomo huzunguka uwanja, mikono mitupu, mwendo ule ule, akigusa nguzo moja baada ya nyingine. Ukipanda lori unakutana naye. Sheria inakukataza kumsemesha, na yeye, kwa kuwa yuko safarini, hasemi.

Bashir aliniletea ombi kwamba jambo hilo linaharibu raha ya wananchi, na kwamba mfu akipita asitazamwe. Nililiandika vizuri na Wangwe akalipitisha bila kupingwa. Sasa akifika upande wetu tunageuza migongo, mpaka tusikie kiganja chake kimegonga nguzo na kupita.